Nilishinda kesi online, nikapata jina jipya

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba naichukua hata kabla hamjaamkia. Haya yamenikuta mwenyewe, na mjinga wa kisa hiki ni mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nalima ngano Mbulumbulu, milimani kule Karatu. Nina rafiki, mfugaji wa Olbalbal, kule bondeni. Zamani nilimpa ng'ombe, na kwa Wamasai waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng. Miaka kumi na minane hatukuitana jina jingine.

Ukaja ukame. Mifugo yake ikapanda juu, ikamaliza ngano yangu iliyokaribia kuvunwa. Akatuma salamu kwamba anakuja tuongee.

Mimi nina form four. Kuongea nikaona ni ushamba, salamu zake sikuzijibu.

Pale Karatu, kwenye internet cafe, nikakuta tovuti ya usuluhishi. Bila mahakama, bila wakili, bila hata kuonana uso. Nikasema maendeleo ndiyo haya.

Fomu ikataka jina la mlalamikiwa. Nikakwama. Ilibidi nikamuulize mwenyekiti wa kijiji rafiki yangu anaitwa nani.

Ikataka email yake. Hana. Nikamfungulia mimi, password nikaweka mimi.

(Msinicheke. Sikumjibia hata neno. Mimi mtu wa haki.)

Wiki mbili zikapita, mlalamikiwa kimya. Nikashinda! Hukumu: anipe mtamba mmoja. Nika-print, nikashuka nayo Olbalbal ndani ya bahasha.

Akaniomba nimsomee. Nikasoma kwa sauti ya hakimu.

"Huyo mlalamikiwa ni nani?"

"Ni wewe."

"Na Pakiteng wamemwandika wapi?"

"Fomu haina nafasi hiyo."

Akaenda kumtoa mtamba mwekundu aliyefungwa peke yake kando ya boma. Kumbe alishamtenga tangu ile siku ya salamu, aje naye kwangu.

"Mchukue, Mlalamikaji."

Mtamba ni yule yule, wakuu. Angeletwa kwangu, angekuwa zawadi.

Leo ana wajukuu zizini kwangu. Tukikutana mnadani rafiki yangu hunisalimia vizuri tu, mbele za watu: "Mlalamikaji, habari za nyumbani?" Wageni hudhani ni jina la ukoo.

Funzo: mtu akisema anakuja muongee, chemsha chai. Mimi haki yangu niliipata yote, na ndiyo niliyobaki nayo.

Kama yupo aliyewahi kurudishiwa jina lake la zamani, aandike hapa alianzaje. Umri umekwenda.