Tovuti Aliyonitengenezea Mkwe Wangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa mkwe wangu kazi ya kunitengenezea tovuti. Kwetu mama mkwe hampi mkwe mkono, hali naye meza moja, wala haendi nyumbani kwake kabla hajapelekwa rasmi na watu wake. Mtu usiyeweza kumgombeza usimpe kazi. Nililijua hilo, lakini binti yangu aling'ang'ania kwamba mumewe amesomea mambo hayo na ukurasa utapendeza.

Ulipendeza, sikatai. Mimi hukodisha hema na viti hapa Lurambi, kwa harusi na kwa matanga. Yeye akaweka video ya bibi harusi anacheza, maputo yanapaa, na muziki unaokurukia kabla hujagusa kitu. Kwenye simu ya kawaida ulingoja ukurasa ufunguke mpaka ukachoka. Namba yangu ya simu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na fomu, na majibu yake yaliingia kwenye barua pepe ambayo mimi siwezi hata kuifungua. Hapa mtu akifiwa hupiga simu, hulia kidogo, unampa pole, ndipo akuambie anataka hema ngapi.

Nikamtuma binti yangu. "Mwambie atoe huo muziki. Namba yangu aiweke juu kabisa." Akasema atamwambia. Wiki zikapita, nikarudia, nikarudia tena. Jibu lilikuwa lile lile: "Nilimwambia, mama." Bibi harusi akaendelea kucheza. Nilimchukia yule kijana kwa bidii.

Ijumaa moja alasiri jamaa yangu wa Khwisero akanipigia. "Mbona hujaleta tenti? Mwili umefika na watu wananyeshewa."

Sikuwa na habari ya msiba wowote huko. Tulipakia hema kwenye lori tukaondoka. Tulipofika mvua ilikuwa imekwisha. Jeneza lilikuwa uani, limefunikwa turubai la kuanikia mahindi, na mjane ameketi kando yake kwenye kiti cha jikoni, leso imelowa imemganda mabegani. Mwanawe alinionyesha simu yake. Siku nne kabla alikuwa amejaza fomu yangu, na ukurasa ukamjibu: Ombi lako limepokelewa. Asante kwa kusherehekea nasi.

"Tulikuwa tunakungoja," mjane aliniambia. Basi. Afadhali angenitukana.

Tulisimamisha hema. Kisha nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mkwe wangu, bila mwaliko, na matope miguuni. Binti yangu alifungua mlango akashika mdomo. Mkwe aliinuka akageuza uso ukutani, kama alivyofunzwa. Sikujali. Nilimwambia ameniaibisha mbele ya maiti, kwamba ana kiburi, na kwamba nimemtumia ujumbe mara tatu akaupuuza.

Alijibu kwa sauti ya chini, bado ameelekea ukuta. "Pole sana, mama. Mimi niliambiwanga umefurahia. Ati hata unaonyeshanga majirani."

Nilimgeukia binti yangu. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Ningemwambia aje?" akasema. "Angeona humtaki."

Mkwe aliketi kwenye kompyuta, amenipa mgongo, akaniomba namba. Nikamtajia. Hazikupita hata dakika tano, namba ikawa juu, kubwa, na bibi harusi ametoweka. Nilisimama pale na hasira yangu yote, nikijua nimeimwaga kwa mtu asiyestahili. Binti yangu aliniletea kiti. Sikukaa.

"Kesho asubuhi, kabla hawajazika," nikamwambia, "utaenda nami Khwisero. Utamweleza yule mjane kwa kinywa chako."

Akaanza kulia. Akasema hawezi, ataona haya mbele ya watu wote wale, nimwombee msamaha mimi.

Mkwe wangu hakugeuka. "Ataenda, mama," akasema.