Masikio Niliyoyaacha Kwenye Chenso

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa hata bisibisi. Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Bariadi, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, alinikalisha kwenye gogo, akawasha chenso, yaani msumeno wa mnyororo unaokwenda kwa petroli, akavuta resi mpaka mwisho. Nikaziba masikio. Akazima, akanitazama kama mtu aliyeletewa ng'ombe mgonjwa mnadani.

"Toa vidole," akasema. "Mashine haitazamwi, inasikilizwa. Ukiziba masikio utaijuaje?"

Neno hilo nililishika maisha yangu yote ya kazi, na ndilo lililonimaliza.

Tulikuwa mafundi wa mkandarasi mmoja aliyesafisha njia za nguzo za umeme. Nyinyi vijana wa leo chenso ikikataa kukata mnakimbilia dukani kununua mnyororo mpya. Ujinga mtupu. Noa kwanza. Chukua tupa ya mviringo, isukume kwenda mbele tu, usiirudishe ikiwa imegusa chuma, na kila jino lipate misukumo sawa na mwenzake, la sivyo msumeno utakata kwa kupinda. Halafu angalia kinundu kilicho mbele ya kila jino, maana hicho ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani. Kikiwa kirefu jino halifikii mti. Ukikipunguza mno, mashine inaruka na kumrudia mkataji. Msumeno ukitoa unga, jino limekufa; ukitoa maranda manene, liko hai. Hayo yote macho yanatosha.

Kazi ya masikio ni kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Ina skrubu ndogo ya mwendo mkubwa. Ukiikaza, petroli inapungua, injini inakuwa nyepesi na kupiga mluzi. Mkataji anafurahi, anasema leo fundi kaweza, na kabla ya mchana pistoni imeungulia ndani ya silinda. Sisi tunasema imenoki. Ukiilegeza mno, inatoa moshi na kukosa nguvu. Pazuri pako katikati: ukivuta resi hewani isikike na kigugumizi kidogo, na ikizama kwenye mti kigugumizi kiishe. Hatukuwa na kipimo kingine zaidi ya sikio. Wakataji walipewa vizibo vya masikio. Sisi mafundi tulivicheka, na kweli, ukivivaa kile kigugumizi hukisikii.

Nikapelekwa Kasoli, kisha kambi ya Lagangabilili, wakati umeme unavutwa kwenda kwenye ofisi mpya za wilaya. Huko ndiko mluzi ulikonitoka masikioni. Haukuondoka siku moja. Walianza ndege, wakafuata watoto, kisha sauti za wanawake. Ngurumo nilibaki nayo, sauti nyembamba zote zikaenda. Akina mama wa jirani wakiniamkia "Mwangaluka, bhabha," mimi napita kimya, na kwetu Usukumani asiyeitikia salamu ana neno moyoni. Wakasema fundi kajaa maringo.

Kisha chenso mbili zikanoki mfululizo, zote nilizoziseti mwenyewe. Msimamizi wa Kambi, kijana mpole lakini mwenye wakubwa juu yake, akaniambia ya tatu ikinoki nifungashe virago. Niliogopa, sifichi. Sikuwa na ng'ombe wala shamba la pamba la maana. Nilikuwa na sikio tu, nalo lilikuwa limeniaga.

Aliyeniokoa ni mke wangu, Ng'wana Masunga, binti wa wauza samaki wa Lamadi, aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi pale kambini. Jiko lake lilitazamana na benchi langu. Jioni moja aliniinamia sikioni akasema kwa nguvu, "Baba Kulwa, mashine iliyokufa ilikuwa inapiga mluzi tangu asubuhi. Hukuusikia?"

Nikamwambia sikuusikia. Hakunicheka wala hakuuliza zaidi. Kesho yake alikaa mlangoni mwa jiko akichambua choroko. Nikawasha, nikaikaza skrubu polepole, na mluzi ulipoanza akainua mwiko. Nikairudisha skrubu nyuma kidogo. Mashine ile ilikata migunga mchana kutwa bila kuchemka.

Tukafanya kazi hivyo miaka. Wakataji walitutania kwamba fundi hawezi kuseti bila kumtazama mkewe. Msimamizi wa Kambi siku moja alisimama akatuangalia mpaka mwisho, kisha akanisogelea.

"Fundi wa hapa ni nani? Wewe au mama?"

"Ni mama," nikasema.

Akaenda zake, na hakuligusa tena jambo hilo. Mungu amzidishie.

Msimu mmoja wa kuvuna pamba tumbo likamshika Ng'wana Masunga. Kufika hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshakomaa. Nikaaga kazi wiki hiyohiyo. Ningewasha mashine niambiwe na nani?

Sasa nimestaafu, na vijana mnakuja kuniuliza siri ya kuseti. Siri ni vizibo vya masikio. Vaeni. Siku hizi kuna vipimo vinavyohesabu mizunguko ya injini, changeni mnunue kimoja. Atakayewaambia fundi wa kweli haogopi kelele, mleteni kwangu anisalimie, aone kama nitamjibu.

Pale wodini binti yetu Kulwa ndiye aliyekuwa akinitafsiria, kwa sababu mama yake hakuwa tena na nguvu ya kunipazia sauti. Mchana ule Kulwa alitoka kufuata uji. Mke wangu akafumbua macho, akanishika mkono, akaanza kusema. Aliongea maneno mengi. Nilitega sikio mpaka likagusa midomo yake, nikapata joto la pumzi tu. Kisha akanyamaza akanikazia macho, kama mtu aliyeuliza jambo na anangoja jibu. Nilitaka kumwambia arudie. Nikaona atachoka. Nikaitikia kwa kichwa, nikasema, "Sawa, mke wangu."

Uso wake ukatulia, akafumba macho. Kulwa aliporudi na uji, mama yake hakuwepo tena duniani.

Nimemwahidi mke wangu jambo, na mpaka leo silijui.