Mkono Begani mwa Marehemu

Kwetu Likasi marehemu huvaliwa. Mtu akifa, jamaa huchapisha fulana zenye picha yake na watu huenda nazo kilioni. Taabu ni kwamba wengi hawakuwahi kupigwa picha peke yao, kwa hiyo hukatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, na mkono wa asiyejulikana hubaki begani. Nimewahi kuona marehemu mwenye mikono mitatu. Jambo hilo lilinikera mno. Nilipoanza kufundisha vijana uchapishaji na kutengeneza picha kwa kompyuta, kila Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha duka la dada yangu, somo la kwanza lilikuwa kufuta mikono.

Aliyelishika vizuri kuliko wote ni msichana mmoja wa miaka kumi na sita, mkimya, aliyeacha shule. Alifuta mikono hadi shangazi zangu wakaanza kuficha albamu zao.

Kazi yetu ya kwanza ya kweli ilikuwa fulana arobaini. Mdogo wa marehemu alileta picha iliyokatwa kwa mkasi upande mmoja: mwanamume ndani ya koti la harusi, na mkono begani.

"Mutoshe ile mukono," alisema. "Yaya alikuwaka yeye moya." Yaani tuutoe, kwa kuwa kaka yake aliishi peke yake.

Nilifurahi kama mtu aliyepewa mtihani alioutunga mwenyewe. Msichana akafuta, tukachapa ishirini. Ndipo akaingia mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Hakusalimu. Aliitazama ile picha mezani, akaweka mkono wake wa kushoto kando yake. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda. Cha kwenye picha pia.

"Ile mukono iko yangu," alisema. "Shemeji anasema sikuolewaka, nilikuyaka kukala tu. Kisha maziko batafanya kikao, banitoshe mu nyumba. Miye sina foto ingine."

Shemeji alidai alihamia tu kwa marehemu bila ndoa, nao hawakujaliwa watoto, kwa hiyo hakuwa na shahidi mwingine wa kumsimamisha kikaoni. Nilikasirika: kwanza na shemeji, kisha na mkasi, mwisho na mimi mwenyewe. Ilinipasa kuzikataa zile ishirini. Lakini niliogopa, nikasema zilizobaki zichapwe mkono ukiwepo.

"Madame," msichana aliuliza, "marehemu iko na mukono ao hana?"

"Yote mbili," nilimjibu, kwa sauti ya hakimu.

Kilioni kulikuwa na vituko vitupu. Shemeji aligawa zake, mjane akagawa zake, na haukupita muda watu wakawa wanakaa kwa kufuata mabega. Kwaya iligawanyika, sauti nyembamba na mkono, sauti nzito bila mkono. Jirani mmoja alivaa zote mbili, moja juu ya nyingine, akawa anabadilisha kulingana na anayemletea chai. Nilicheka ndani ya kitambaa changu, na nikaona aibu.

Baada ya mazishi kikao kikaanza. Shemeji alisimama, akatoa kifua mbele.

"Muangalie bote," alisema. "Kuko mukono hapa?"

Tukaangalia. Haukuwepo. Mama mzazi wa marehemu, bibi kizee aliyekuwa amekaa karibu, akamshika mwanawe fulana na kuivuta hadi machoni. Msichana wangu alikuwa ameufuta mkono, lakini koti alikuwa ameliacha kama lilivyokuwa. Bega lilikuwa limekandamizwa, na kitambaa kimeingia ndani mahali pa kila kidole, hata kile kilichopinda.

"Nani alimufinya mutoto wangu hapa ku bega?" bibi aliuliza.

 Shemeji alijaribu kujinasua, mama hakumwachia. Kisha akamwita mjane aje akae kando yake kwenye godoro, na habari ya nyumba haikuzungumzwa tena. Mjane bado anaishi humo.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza msichana kwa nini aliacha yale makunyanzi.

"Madame, ulisema tutoshe mukono," alijibu. "Koti, haukusema."

Kweli sikusema. Kwenye kompyuta zetu kuna kifaa cha kulainisha makunyanzi ya nguo, nakijua vizuri. Mpaka leo sijawaonyesha vijana wangu.