Farasi Asiye na Maziwa

Homa ilimtoka mwanangu, lakini miguuni ilibaki. Akikaa, alilala upande kama gunia lililojazwa vibaya. Siku za soko nilishuka naye mgongoni hadi Same, nikamwegemeza kwenye mikungu ya ndizi, nikauza.

Hapo ndipo mjane mmoja wa Kizungu alipomwona. Alikuwa akichechemea, na aliishi ng'ambo ya reli na farasi mmoja mzee. Alinunua ndizi bila kubishana bei. Hilo likanitia shaka ya kwanza. Kisha akasema mtoto apandishwe farasi wake kila siku ya soko, mwendo wa mnyama umfundishe kiuno kujishika.

"Na wewe unataka nini?"

"Sitaki kitu, mama."

"Basi ni ghali."

Muuza chumvi aliyekaa karibu yangu alisema ni mumiani huyo, atamnyonya mtoto damu. Nikamwambia mumiani angeanza kwa kujitibu mguu wake. Hata hivyo, siku ya kwanza sikuuachia mguu wa mwanangu hata kwa dakika moja. Nilimkagua farasi meno na kwato, nikazunguka, nikaanza upya. Memsabu, ndivyo tulivyomwita yule mjane, hakukasirika. Aliinua kila kwato akaichokonoa mawe, akasema mnyama akichechemea, mtoto atayumba. Akatandika blanketi tu, na farasi akatembea taratibu kama mzee anayetoka kanisani.

Soko likafuata soko. Siku moja niliuza mkungu ambao mwanangu alikuwa ameuegemea, na hakuanguka. Nikamwekea mwingine, nikauondoa tena. Akabaki wima, akiniuliza nacheza nini.

Masika ilipokaribia, memsabu akaja na uso mwingine. Alisema mvua ikinyesha tambarare, wadudu huua farasi. Wa kwanza alimfia hivyo. Alitaka huyu akae kwetu mlimani mpaka mvua zipite.

Nikajua bei ndiyo hiyo.

Kwetu Upareni mtu huweka ng'ombe wake kwa mwenzake. Anayewekewa hukata majani na kunywa maziwa; ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, unampelekea mwenyewe ngozi aone hukumla kwa siri.

"Huyu hana maziwa wala ndama," alisema mama mkwe wangu. "Akifa, ngozi utaipeleka bomani, wakufunge nayo?"

Nikarudi kwa memsabu. "Anayewekewa hukamua. Mimi nakamua nini?"

Akafungua mkoba. Nikamwambia aufunge.

"Mgongo," nikasema. "Kila asubuhi, si siku ya soko tu. Na mtoto akiwa bado anaukamua, humchukui farasi, hata jua liwake vipi."

"Na akishaweza kutembea, ukamficha ndani nisijue?"

"Njoo ukague. Zunguka, kisha ukague tena."

Alinitazama vile nilivyokuwa nikimtazama yeye tangu siku ya ndizi. Kisha akanipa kamba ya farasi.

Farasi alilala upande wa mbuzi. Jioni tulimwashia moshi wa mavi makavu kufukuza wadudu, na majani yake tuliyaanika kwanza, kwa sababu memsabu alikuwa ameapa kwamba majani mabichi yaliyolundikwa yangemkata tumbo. Mama mkwe alinung'unika kwamba mgeni huyu anakula kama shemeji. Lakini asubuhi ni yeye aliyeshika mguu wa kulia wa mtoto, mimi wa kushoto, tukazunguka naye kwenye matope ya mgombani mpaka blanketi likalowa.

Mvua zikakatika. Memsabu akapanda mlima kwa fimbo yake, akapumzika kila kona. Alimkuta mwanangu amesimama uani, ameshika singa za farasi.

"Amesimama," alisema.

"Ameshika," nikasema. "Anayeshika bado anakamua."

Akazunguka upande wa pili akatazama tena, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Hakubisha. Alikuwa ameshageuka kutafuta mahali pa kukaa, nami najihesabia msimu mwingine, nilipoona vidole vya mtoto vinalegea. Nikamkonyeza ashike. Hakunitazama. Akaachia singa, akaenda akiyumba, mikono imetanuka, mpaka akashika gauni la memsabu.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Memsabu hakumtazama tena mtoto. Alinitazama mimi, akisubiri niseme neno.

"Mama," nikamwambia mkwe wangu, "lete kamba."

Aliingia ndani. Ile kamba ilikuwa inaning'inia mlangoni, na alichelewa sana kuiona.