Kumwondoa Esnath Kwenye Tovuti

Enzi zile kila mwenye cheti cha kompyuta pale Tukuyu alitembea kifua mbele, na Andongwisye aliwashinda wote. Alikwenda Mbeya akajifunza kuchapa barua na kuipigia mistari chini, basi, akarudi mtaalamu. Hata ualimu wake kule Lufingo akaupiga teke. "Chaki imenichosha," alimwambia mkewe. Na ni hiyo hiyo chaki iliyokuwa inawalisha.

Alikimbilia nyumba ya wageni ya Bi Saada. Zamani ilikuwa mali ya ushirika. Vilipoanza kuuzwa vya umma vyote kasoro ukungu, Bi Saada akainunua pamoja na tovuti yake, iliyotengenezwa na Mjerumani mmoja wa kujitolea ambaye alishaondoka zake.

"Unaziweza hizi tovuti, mwalimu?" aliuliza Bi Saada.

Andongwisye akacheka. Tovuti! Kitu kidogo kile!

Kazi ya kwanza ilikuwa kumwondoa Esnath, mpishi wa miaka nenda miaka rudi. Bi Saada alikuwa amemfukuza kwa sababu ya mdomo, akamweka mpwa wake, Nahla. Lakini ukifungua tovuti, anayetokea ni Esnath, anapunga mkono, anakusalimia "Ndaga!", kisha anafunua sufuria la mbalaga, zile ndizi zake za nyama na maziwa.

Lo! Tovuti nzima ilikuwa picha moja inayocheza, imetengenezwa kwa programu ambayo Andongwisye hajawahi kusikia hata jina lake. Hakuna neno la kufuta, hakuna picha ya kuchomoa. Mtu mwingine angesema, "Bi Saada, hii siijui." Yeye? Thubutu! Alisema mtandao uko chini. Kesho yake akasema kuna virusi. Halafu akasingizia mvua, na kwa Tukuyu kisingizio hicho kilimfaa muda mrefu.

Wageni nao wakawa wanafika, wanamkumbatia Nahla: "Ndaga, Esnath!" Wakigundua siye, na sufuria halipo, wanabeba mabegi yao wanaondoka wamenuna.

"Nimesema mtoe huyo mwanamke!" Bi Saada alifoka.

"Anatoka, Bi Saada. Anatoka kwa hatua."

"Hatua gani? Mimi nilimtoa kwa neno moja!"

Alipoishiwa uongo, jamaa akakunja uso kitaalamu, akatangaza kwamba tovuti haina kasoro, yenye kasoro ni nyumba. Irekebishwe nyumba ilingane na tovuti! Paa lipakwe buluu kama kwenye picha, na Esnath arudishwe. Bi Saada alisonya, lakini vyumba vilikuwa vitupu, akakubali. Andongwisye mwenyewe alikwenda hadi kwao Esnath, Ikuti, kumbembeleza mama wa watu.

Esnath akarudi na mdomo wake wote. Wageni wakajaa. Andongwisye alivimba kichwa, wewe! Akaanza kudai ofisi yake mwenyewe, tena yenye pazia.

Bi Saada akamwita barazani. Safari hii alikuwa mpole, na Andongwisye angekuwa na akili angeogopa.

"Tovuti ikoje, mwalimu?"

"Safi kabisa. Haihitaji kubadilishwa hata nukta."

"Na mtu akitaka kuibadilisha?"

"Haibadiliki."

"Basi wewe nimekuweka hapa ufanye nini?"

Andongwisye akainuka kwenda zake. Esnath alikuwa anapita na sufuria. Akamwambia aje jikoni ale kwanza, maana Lufingo ni mbali, na darasa lake walishampa mwalimu mwingine.