Siku Niliyompokea Bibi wa Jirani

Nimekaa na aibu hii miaka mingi nikidhani itachakaa yenyewe kama kanga, lakini wapi, kila nikiikumbuka masikio yanapata moto, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla mume wangu hajawasimulia kwa chumvi zake.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya Ituri, na sisi Watanzania watatu, mimi, mume wangu na binti yetu Rehema, tulikuwa tumehamia Bunia muda mfupi tu, maana mume wangu alikuwa fundi wa pampu za maji kwenye shirika moja la misaada. Hali ilikuwa imetulia kidogo, askari wa kulinda amani walikuwepo, lakini maisha yetu ya kigeni yalikuwa finyu: Jumapili kanisani, Jumamosi sokoni kununua sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu wa Tchomia kule ziwani, na siku tukijisikia matajiri wa muda tunakwenda kutazama helikopta zikitua. Basi. Jioni kila mtu ndani.

Jirani yetu alikuwa Papa Emanueli, fundi wa redio, mtu mpole anayeishi peke yake. Asubuhi moja alikuja uani kwetu anang'aa uso mzima. Akasema, "Mama Rehema, bibi yangu iko anakuya siku ya posho. Vita ilimupeleka ng'ambo ya ziwa, Uganda. Sasa anarudia."

Posho nilikwishajifunza sokoni, ndiyo Jumamosi yao. Mimi nikasikia bibi. Nikamwona palepale: kikongwe wa watu, mvi kichwani, amevushwa ziwa na vita katika umri ule! (Na mimi nimelelewa na bibi yangu Tanga, nilikuwa nimemkumbuka mpaka naota harufu ya mafuta yake ya nazi.) Nikauliza kama anaweza kutembea. Papa Emanueli akasema anatembea pole pole, mguu mmoja aliumia siku ya kukimbia, haujapona vizuri. Nikauliza anapenda kula nini. Akatabasamu, akasema uji, tena wenye sukari nyingi. Sasa ningetilia shaka nini?

Mume wangu ndiye aliyesema, "Hebu muulize vizuri, Kiswahili cha huku si chetu." Nikamjibu kwamba mimi, mtoto wa Tanga, siwezi kuuliza maana ya neno bibi. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilishikwa na furaha ya ajabu. Nikaenda kituo cha afya nikaazima kiti cha magurudumu, nikapika uji nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikamfundisha Rehema kupiga goti na kusema shikamoo bibi. Papa Emanueli hakuambiwa lolote, nilitaka ashangae (alishangaa kweli).

Jumamosi tukashuka wote mjini, mume wangu akisukuma kiti kitupu na waendesha pikipiki wakitupisha kwa heshima wakidhani kuna mgonjwa mahali. Mahali malori ya Tchomia yanaposhushia abiria hatukumkuta Papa Emanueli, mume wangu akaenda kumtafuta upande wa pili. Hajapiga kona, lori likaingia. Juu ya magunia ya samaki wameketi watu wengi, na katikati yao kikongwe mmoja tu, mwembamba, amejifunga kitenge cha njano. Moyo ukaniruka. Nikawaomba vijana wawili wamshushe, wakamshusha kama yai, wakamkalisha kwenye kiti. Rehema akapiga goti vumbini. Mimi nikaanza kusukuma.

"Munanipeleka wapi?" akauliza.

"Kwa mjukuu wako, bibi. Tulia, uji upo."

"Mujukuu gani? Miye sina mujukuu hapa. Simamisha."

Nikajisemea masikini, uzee na vita vimemvuruga kumbukumbu, nikaongeza mwendo. Yule mama akashika magurudumu kwa mikono yote miwili, akapaza sauti kubwa kuliko mwili wake: "Wananiiba!" Mtu mmoja nyuma akapokea: "Wanamukamata muzee!"

Jamani, katika mji ule, mwaka ule, sauti moja ilitosha. Milango ya maduka ikafungwa kwa vishindo, pikipiki zikatawanyika, wauza samaki wakaacha beseni zao, watu wakalala chini, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya vumbi na kiti changu kwa sababu sikujua kuwa huo ndio wakati wa kukimbia. Nilipogeuka, Rehema hakuwepo.

Sitaki kusimulia sana dakika zile. Niliita mpaka koo likakauka. Gari la askari likaja, wakaninyooshea bunduki, nikainua mikono, bado nikiita jina la mwanangu.

Ndipo mwanamke kijana akatoka chini ya lori akichechemea, amemshika Rehema mkono. Alikuwa amemvuta, akamlaza chini na kumfunika kwa mwili wake, mtoto asiyemjua. Kabla sijamfikia, Papa Emanueli akatokea anakimbia na mume wangu nyuma. Akamwona yule mwanamke, akasimama kama aliyegonga ukuta. Wakatazamana. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bibi yangu."

Na mimi, machozi yananitiririka, nimemkumbatia mwanangu, nikamwambia, "Hapana Papa Emanueli, bibi yako huyu hapa kwenye kiti."

Mama mmoja muuza samaki akaanza kucheka, akafuata mwingine, mpaka askari wenyewe, ambao hata Kiswahili hawakujua, wakashusha bunduki wakicheka. Mume wangu akaninong'oneza kwamba huku bibi ni mke.

Dorika, ndilo jina la yule mke, akaniangalia mimi, kiti, chupa ya uji na kikongwe, akamwuliza mumewe, "Huyu ni nani?" Papa Emanueli akasema, "Huyu njo jirani yetu. Ni mutu muzuri, anakawia tu kusikia."

Nikamwomba kikongwe msamaha na kumsaidia ashuke. Akakataa. Akasema nimemwibia heshima mbele za watu, basi nimpeleke kwa binti yake kwa kiti hichohicho, na uji apewe njiani. Nikamsukuma barabara nzima ya soko, yeye akinywa na kuwasalimia watu kushoto na kulia, na kila anayeuliza anajibiwa, "Huyu aliniiba."

Tangu hapo nimejiwekea sharti. Neno nisilolijua halinisumbui, nitauliza tu. Ni lile ninalolijua tangu utotoni ndilo linalonitia hofu, na hilo sasa nauliza mara mbili, hata kama wenyeji watanicheka.