Generoza Aliponisaili

Siku ya kwanza niliyokaa upande wa wanaouliza maswali, jasho lilinitoka kuliko waliokuja kuomba kazi. Nilikuwa nimehudumu mezani miaka mingi mjini Ngara, kisha nikawa meneja wa mgahawa. Mkurugenzi wetu, mama aliyekuwa na migahawa mitatu ya barabarani, Ngara na Biharamulo, akanipandisha kuwa Msimamizi, na kazi yangu kubwa ikawa kumtafutia mameneja.

"Mpishi mbaya nitamjua nikionja mchuzi," aliniambia. "Meneja mbaya tutamjua wageni wakishahama. Kwa hiyo angalia vizuri."

Usaili ulikuwa na utaratibu wake. Tulichambua barua za maombi tukapata orodha fupi, yaani wachache wa kuitwa. Wote waliulizwa maswali yale yale, na kila mjumbe wa jopo alijaza alama bila kuchungulia karatasi ya mwenzake. Swali nililolipenda ni hili: basi limesimama, abiria wana haraka, wali haujaiva, utafanya nini? Wapo waliosema wataomba Mungu. Mmoja alisema atamwandalia dereva kwanza, na taratibu sana, maana basi haliondoki bila yeye. Huyo tulimwajiri siku hiyo hiyo.

Nafasi ya Biharamulo ndiyo iliyonifunza. Alikuja mama mmoja wa Kaniha, huko huko Biharamulo, jina lake Generoza, mpishi wa sherehe, asiye na cheti. Alijibu kwamba angewapa abiria chai na viazi "mchere ukiendelea kuiva." Mjumbe mmoja akacheka kusikia "mchere" badala ya mchele. Nami nikacheka, mimi Mhangaza wa Kanazi niliyechekwa darasani kwa r hiyo hiyo. Tukamchukua kijana mwenye cheti na Kiswahili cha kunyooka. Haikupita miezi mitatu wahudumu wawili wakaacha kazi, na madereva wa malori wakaanza kutupita bila hata kupunguza mwendo. Kijana mwenyewe akaaga akaondoka.

Wakati huo nikaalikwa harusi Kaniha. Mvua ilishuka watu wakiwa wameshika sahani, lakini hakuna aliyekimbia hovyo. Turubai lilivutwa, masufuria yakahamishwa, na ndizi zikanifikia za moto. Nikauliza nani anasimamia. Nikaonyeshwa Generoza.

Nikamfuata jikoni. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikamweleza kwamba tulikosea na tunamhitaji. Akanisogezea kigoda.

"Kaa, mzee. Leo nauliza mimi. Wahudumu wenu wanakula saa ngapi?"

Nikajibu kwamba wanakula wageni wakimaliza, kama kimebaki. Akatikisa kichwa, akasema akija yeye watakula kwanza, kwa kuwa mwenye njaa hawezi kumchangamkia mtu mwenye sahani. Kisha akaniangalia.

"Na siku ile ulicheka nini?"

Jibu la kiofisi nililiacha. "Nilicheka lugha ya mama yangu," nikasema.

Akachota ndizi nyingine akaniwekea. Nikaelewa kwamba nimefaulu.

Mkurugenzi aliponiuliza cheti chake kiko wapi, nilimjibu kwamba nimeshakila, Kaniha, pamoja na maharage. Alicheka, akakubali Generoza aanze kwa majaribio, yaani aangaliwe miezi kadhaa kabla ya kuthibitishwa. Haikuhitajika yote. Malori yalirudi kupanga foleni mbele ya mgahawa, na mmoja wa wahudumu walioondoka akaja kuomba arudishwe.

Sasa nimestaafu, napalilia kahawa yangu Kanazi. Vijana hunijia niwafundishe kujibu usaili, nami huwaambia wajibu kwa kazi wanayoijua, maneno yatafuata. Nikikumbuka niliowakosesha nafasi kwa sababu ya ulimi tu, huwa naona aibu, maana Generoza nilibahatika kumpata tena, na wengine sikuwaona.

Nilipoaga kazi, Mkurugenzi aliniuliza nani akae kwenye kiti changu. Sikuhitaji jopo, nilimtaja yule aliyenisaili. Nasikia siku hizi wanaokuja kusailiwa hulishwa kwanza, ndipo wanaulizwa.